Mti Tulioupanda kwenye Sakafu ya Duka

Marahaba, wajukuu. Na wale waliotoa shikamoo huku wanaangalia simu, nayo nimeipokea hivyohivyo.

Jumamosi mlipokuja kwangu Kijenge, wewe Brayani na wenzako wa chuo, mlinikuta nachambua maharage. Mkanywa chai, mkafungua kompyuta, mkanieleza kwamba mnatengeneza programu ya kumsaidia mfugaji. Ataeleza ng'ombe wake anaonekanaje, na mashine itamwambia ni ugonjwa gani. Mkasema mnatumia kitu kinachoitwa mti wa maamuzi. Kelvini, yule mwenye miwani, akanitazama kwa huruma akasema, "Bibi, haya ni mambo ya mashine kujifunza yenyewe, usijisumbue kama huelewi." Kisha akanifurahisha kwa kuijaribu kwangu. Akaniuliza jina, akaniuliza mtaa, halafu akafika kwenye swali la kwanza la mti wenu: "Bibi, una ng'ombe wangapi?"

Nikamjibu, "Mmoja tu." Akaandika, akashukuru.

Siku hiyo sikusema neno kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua. Sasa Brayani ameniomba niwaandikie kuhusu kazi niliyofanya zamani, basi someni. Mti wa maamuzi naujua. Niliupanda, nikaupogoa na nikaung'oa, kwenye sakafu ya saruji ya duka la dawa za mifugo hapahapa Kijenge, wakati Neema, mama yake Brayani, bado anavaa sketi ya chekechea.

Ilikuwa enzi za ruksa. Serikali ilikuwa inajitoa kwenye biashara, mashirika ya umma yanapunguza watu, na kila aliyekuwa na kibanda anafungua duka. Mimi nilikuwa karani wa takwimu kwenye shirika moja. Nikapunguzwa. Nikaajiriwa na Mama Shirima, Mchaga wa Machame aliyekuwa ameona jambo ambalo wengi hawakuliona: majosho ya serikali yamekauka, dawa za bure zimekwisha, lakini kupe hawajapata taarifa ya mageuzi. Akajaza duka dawa.

Kuuza dawa ya mifugo si kama kuuza sabuni. Mtu anatoka mlimani ameacha ng'ombe amelala, anakuja kaunta anasema, "Nipe dawa, ng'ombe wangu hali." Dawa ipi? Kuna ndigana kali, ambayo inaletwa na kupe na inaua haraka. Kuna ndigana baridi. Kuna minyoo, kuna ugonjwa wa kiwele, kuna homa ya maziwa inayomwangusha ng'ombe aliyetoka kuzaa. Ukikosea, mtu anarudi na dawa isiyo yake kwa mnyama ambaye anakufa.

Aliyekuwa hakosei, au alikosea kwa nadra, ni Mzee Mbise. Huyu alikuwa Mmeru wa upande wa Poli, msaidizi wa mifugo wa serikali aliyepunguzwa kama mimi. Alisimama kaunta, akauliza maswali mawili matatu, akanyoosha mkono kwenye rafu. Tatizo ni kwamba Mzee Mbise alikuwa ametangaza kwamba mavuno ya kahawa yakifika anaondoka kwenda kutunza shamba lake, na hakuna wa kumzuia. Mama Shirima alikosa usingizi.

"Mwambie Mama Neema unavyofanya," alimwambia Mzee Mbise, akinionyesha mimi. "Aandike."

"Nafanyaje nini?"

"Unajuaje huyu ni ndigana na yule ni minyoo?"

Mzee Mbise akafikiri kwa dhati kabisa. "Naona tu," akasema.

Tulimbana wiki nzima. Naona tu. Hakuwa anaficha, wajukuu. Kuna vitu mtu anavijua na mdomo wake hauvijui. Mimi mwenyewe siwezi kuwaeleza chapati inakuwa tayari lini.

Sasa, kulikuwa na mtafiti mmoja mteja wetu, aliyekuja kununua dawa ya minyoo ya mbwa wake. Alimsikia Mama Shirima akilalamika, akacheka, akasema msimuulize mtaalamu kanuni zake, hana. Kusanyeni mifano. Andikeni maswali na majibu ya kila mteja, mfuatilie ng'ombe aligundulika ana nini hasa, halafu acheni mifano yenyewe iwaambie swali gani litangulie. Akatuletea makala iliyotolewa fotokopi, kurasa zimepinda. Kwa Kiingereza chake nilielewa nusu, na nusu ile ilitosha.

Tukatengeneza kadi. Kila mteja kadi moja, na juu yake maswali yaleyale: ametoka wapi, ng'ombe amezaa karibuni, ana homa, anakohoa, tezi zimevimba, maziwa yamepungua, ana kupe. Mama Shirima akaongeza la kwake: una ng'ombe wangapi? Hilo halikuwa la ugonjwa. Alitaka kujua mteja huyu anaweza kununua dawa kiasi gani, maana Mama Shirima hata msibani alikuwa anatazama watu wangapi wamevaa viatu vipya. Nyuma ya kadi tuliandika ugonjwa wenyewe ukishajulikana.

Kadi zilipojaa boksi la biskuti, nikazigawa kwanza. Fungu dogo nikalifungia kabatini bila kulitazama. Hili lishikeni vizuri, kwa sababu nanyi mtatakiwa kulifanya: mti unaoupima kwa mifano ileile uliyoutumia kuupanda utakusifia tu. Lile la kabatini ndilo la mtihani.

Zilizobaki nikazimwaga sakafuni baada ya kufunga duka, tukavua viatu, tukapiga magoti. Mwanzoni una rundo moja lililochanganyika magonjwa yote. Unachukua swali moja, unagawa rundo kwa majibu: ndiyo huku, hapana kule. Kisha unageuza kadi uone nyuma. Kama kila rundo dogo bado limechanganyika vilevile, swali hilo halijakusaidia. Kama rundo moja limekuwa karibu lote ndigana na jingine karibu lote kiwele, umepata swali zuri. Unakusanya kadi, unajaribu swali jingine, unalinganisha. Linalosafisha marundo kuliko mengine linakuwa la kwanza; hilo ndilo shina. Halafu unaingia kwenye kila rundo, unarudia kazi ileile na maswali yaliyobaki, matawi yanaota, hadi unafika kwenye rundo ambalo halihitaji kuulizwa tena. Hilo ni jani, na jani ni jibu. Wajukuu, mashine yenu haifanyi kingine. Ila yenyewe haiumwi magoti.

Hapo ndipo Mzee Mbise alipokasirika. Swali lake alilolipenda, alilomuuliza kila mteja tangu akiwa kijana wa serikali, lilikuwa "Ana kupe?" Nikagawa kwa hilo kwanza, kwa heshima yake. Kadi karibu zote zikaenda upande mmoja. Nani kwenye mlima huu ana ng'ombe asiye na kupe?

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Zikaenda upande uleule.

"Lakini kupe ndio wanaoleta ndigana!"

"Mzee, ni kweli. Lakini kila mtu anajibu ndiyo. Swali ambalo wote wanalijibu sawa halimtengi mtu."

Alivaa viatu akaenda kukaa nje. Kesho yake asubuhi nilimsikia kaunta akimuuliza mteja, "Ana kupe?" Akanitazama kwa jicho la pembeni, akaendelea: "Nauliza kwa kumsalimia tu."

Lakini naye alinifundisha jambo. Mimi nilikuwa nafurahia kugawa, nagawa hadi rundo linabaki kadi moja moja. Mti ukawa na matawi ya ajabu. Lilitokea tawi moja linasema kama ng'ombe amepungua maziwa, hana homa, na mwenyewe ametoka Tengeru, basi ni minyoo. Lakini akitoka Usa, ni kiwele. Kisa nini? Kadi mbili tu. Watu wawili waliotokea hivyo kwa bahati. Mzee Mbise alisimama juu ya sakafu mikono nyuma, kama anavyosimama shambani kwake.

"Mama Neema, huu mti wako wa kahawa umeota machipukizi mengi. Ukiyaacha yote unavuna majani, buni hupati. Kata."

Nikakata. Kila tawi lililosimama kwenye kadi mbili tatu nikalirudisha kwenye rundo kubwa, likapewa jibu la wengi. Mti ukawa mfupi, na kwa kadi za sakafuni ukaanza kukosea kidogo, jambo lililoniuma. Kisha nikafungua kabati, nikaujaribu kwa kadi za mtihani. Mti mrefu ulichemsha. Mti uliopogolewa ulipata karibu zote. Ule mrefu ulikuwa umekariri wateja wetu badala ya kujifunza magonjwa. Kila mwanafunzi anayekariri anajulikana siku ya mtihani.

Na shina, mnaniuliza, lilikuwa swali gani? Lilikuwa lile la Mama Shirima. Una ng'ombe wangapi? Tulishangaa wote, Mama Shirima peke yake hakushangaa. Lakini kadi zilikuwa wazi. Wateja wetu wengi walikuwa Wameru wa mlimani na watu wa mjini, wenye ng'ombe mmoja au wawili wa kisasa bandani, wanaokatiwa majani. Hao walikuwa na matatizo ya bandani: kiwele, homa ya maziwa. Wachache waliosema wengi walikuwa Wameru wa tambarare ya chini, wanaochunga malishoni, na huko ndiko kwenye ndigana. Swali likagawa marundo safi kabisa. Tukauchora mti kwenye bango kubwa, tukaubandika nyuma ya kaunta. Mama Shirima aliupiga picha.

Mvua zikaanza. Na watu wa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, wakaanza kuja.

Siku hiyo ilikuwa ya soko, duka limejaa, na Mzee Mbise ametoka kunywa chai. Akaingia mama mmoja Mwarusha, amejifunga rubega, shanga shingoni, vumbi hadi magotini. Nilikuja kumjua baadaye kwa jina la Yeyo Namayani. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, lugha ambayo Waarusha nao wanaizungumza. Alikuwa ametoka alfajiri.

"Ng'ombe wangu hali," akasema. "Maziwa yamekatika. Na mimi nina mtoto mchanga nyumbani, mjukuu, mama yake amelazwa. Anakunywa maziwa ya huyo."

"Wengine hawana maziwa?"

"Wamekauka. Nyasi ndiyo kwanza zinaota."

Maneno hayo nikayasikia kwa sikio moja, macho yangu yako kwenye bango. Nikauliza swali la shina. "Una ng'ombe wangapi, Yeyo?"

"Mmoja tu."

Nikashuka tawi la mmoja. Amezaa karibuni? Ndiyo. Maziwa yamepungua? Ndiyo. Jani: kiwele. Mama Shirima akatoa dawa ya kiwele, Yeyo akaifunga kwenye pindo la nguo yake, akatuombea baraka, akaondoka. Mti ulikuwa umefanya kazi haraka kuliko Mzee Mbise, na nilijisikia vizuri sana.

Mzee Mbise akarudi anajifuta mdomo. Akaokota kadi kaunta, akasoma kwa sauti. "Oldonyo Sambu. Ng'ombe mmoja tu." Akanitazama. "Mama Neema, umewahi kufika Oldonyo Sambu?"

"Hapana."

"Mmoja tu!" Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika kaunta. "Mwarusha wa Oldonyo Sambu! Mmoja tu!" Halafu kicheko kikakatika ghafla, akasoma tena kadi. "Alikuwa anakohoa? Tezi za chini ya sikio je?"

"Mti haukuuliza," nikasema.

Na ndivyo ulivyo mti, wajukuu. Ukishapinda tawi moja, maswali ya tawi lile jingine hayaulizwi tena. Maswali ya tezi na kukohoa yote yalikuwa upande wa wengi. Mwanzo ukikosea njia, huko mbele utauliza maswali mazuri ya ng'ombe mwingine.

"Ni ndigana," akasema Mzee Mbise. "Nina hakika kama nilivyo hapa. Na kama ni juzi ameanza, tuna leo tu."

Kisha nikaona jambo ambalo watu wa Kijenge walilisimulia muda mrefu: Mama Shirima alifunga duka. Siku ya soko, asubuhi, wateja wamesimama. Akachukua sindano ya ndigana rafuni, akachukua funguo za pikapu yake, akasema, "Mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe huyo. Pandeni." Tulishika barabara ya Namanga, mlima upo kuliani umejifunika mawingu, na njia nzima nilikuwa naogopa. Sikuogopa kufukuzwa. Nilikuwa namfikiria yule mtoto, ambaye sijui hata jina lake, akisubiri bibi yake arudi na dawa ya uongo.

Tulimkuta Yeyo karibu na boma lake, ameshuka basi barabarani na anamalizia njia kwa miguu. Hakuuliza tumefuata nini. Alituongoza hadi kwa ng'ombe, chotara mwekundu, amesimama kichwa chini, ndama wake wa kike pembeni. Mzee Mbise akapapasa chini ya sikio, akanichukua mkono akauweka pale. Tezi ilikuwa kubwa kama limau na ngozi inachoma. Kiwele kilikuwa laini, hakina neno. Akachoma sindano. Tukakaa kusubiri, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuondoka.

Yeyo alitoka na mtoto mgongoni, akatupa chai ya rangi, akaomba radhi kwa kukosa maziwa. Katika kuzungumza nikamuuliza tu, kwa kukosa la kusema, "Leo asubuhi huyu amekula wapi?"

Hapo Yeyo alifunguka. Leo hajala. Jana alikula kule chini kwenye korongo, na wenzake. Juzi walipanda upande wa msitu, wakarudi mapema kwa sababu ya mvua. Mwezi uliopita walishushwa mbali kufuata maji. Alinitajia kila nyasi.

Jioni wenzake hao wakarudi. Wakaingia bomani, wakaendelea kuingia, na vumbi lao likaingia, na wengine wakaja. Nilisimama mdomo wazi. Mama Shirima, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akanyoosha kidole akaanza, "Moja, mbili, tatu..." Yeyo akaushika ule mkono kwa upole, akaushusha chini.

"Mwanangu, ng'ombe mtu hahesabu," akasema. "Unatafuta kuwamaliza?"

"Sasa unajuaje kama amepotea mmoja?" nikauliza.

"Naona sura yake haipo."

Mzee Mbise akanitazama, amefurahi kupita kiasi. "Unasikia? Naye anaona tu."

Yule ng'ombe alianza kucheua tena, dalili ya kupona, siku ya pili yake. Mzee Mbise alikuwa amelala hukohuko bomani, na alipokuja kutuambia, Mama Shirima aliketi juu ya gunia la pumba akalia, kisha akasema tusimwambie mtu.

Niling'oa bango. Hakuna aliyetudanganya, eleweni hapo. Mmeru wa bandani akiulizwa wangapi anasema wawili, kwa sababu ni wawili. Mwarusha na Mmaasai anasema mmoja tu, au wachache tu, kwa sababu kutaja idadi ni kuwatakia mabaya. Swali lilikuwa moja lakini lilipimwa kwa mizani mbili. Na kadi zangu za mtihani hazikuweza kuniambia, maana nazo zilikuwa za wateja walewale wa upande wetu wa mlima. Nilikuwa nimejipima kwa watu ninaowajua, nikaenda kuwatibia ninaowasikia tu.

Tukaanza upya. Kadi mpya, na mahali pa swali la Mama Shirima tukaandika: leo asubuhi amekula wapi? Bandani au nje? Swali hilo kila mtu analijibu kwa furaha, wa mlimani na wa malishoni, na hakuna anayeona aibu wala mkosi. Tulikusanya hadi upande wa Terrat kwa wafugaji wa malishoni, tukatenga za mtihani kutoka kila upande. Nilipogawa sakafuni, lenyewe likapanda kuwa shina. Mzee Mbise aliahirisha mavuno yake ya kahawa hadi alipoona mti umesimama, ingawa kwa watu alisema mvua ndiyo iliyomchelewesha.

Baadaye Mama Shirima alinunua kompyuta iliyotumika kutoka Nairobi, nikajifunza kuifanyisha kazi ile ya sakafuni. Umeme ukiwepo ilimaliza kwa muda wa kunywa chai. Siku hizi mnaniambia mnapanda miti mingi, kila mmoja kwa sehemu ya mifano na sehemu ya maswali, kisha inapiga kura, mnaita msitu. Nzuri sana, miti mingi hairuhusu mmoja mwenye kiherehere awapoteze wote. Lakini niliwahi kuirudishia ile kompyuta kadi za kwanza, zile za zamani, nione itafanya nini. Ikachagua swali la wangapi, haraka, bila kusita. Mashine inachagua katika maswali uliyoipa wewe. Haijui nani akiulizwa atashusha mkono wako chini.

Yeyo Namayani alikuja dukani mvua nyingine zilipoanza, mtoto mgongoni ameshakuwa mzito. Akaniambia yule ndama wa kike aliyekuwa pembeni ya mama yake siku ile ni wangu, lakini atakaa bomani kwake kwa sababu mimi sina hata pa kumfunga mbuzi. Tangu siku hiyo hakuniita Mama Neema tena. Aliniita Paashe, ndivyo wanavyoitana kwao mtu na aliyempa ndama, na mimi nikamwita Paashe hadi alipofariki. Yule mtoto wa mgongoni sasa ni mama mwenye boma, na yeye ndiye anayeniitikia simu na kunipa habari za ng'ombe wangu wa leo, wa uzao wa yule ndama.

Basi Kelvini, fungua tena ile programu yako. Futa ile "mmoja" uliyoiandika, na usiniulize uandike ngapi, kwa sababu sitakuambia. Niulize leo asubuhi ng'ombe wangu amekula wapi. Nitakujibu bila kusita: amekula Oldonyo Sambu, kule chini kwenye korongo, pamoja na watoto wake na wajukuu wake.